Denis Burkitt: daktari wa jicho moja aliyefuata uvimbe hata baada ya kuponyoka

Ukitoka Butembo kwenda Beni, barabara ya zaidi ya kilomita 50 inashuka kutoka kwenye baridi ya milima hadi kwenye joto la ukingo wa msitu. Butembo iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, Beni iko chini ya hapo. Kwa abiria wa pikipiki au basi dogo, tofauti hiyo ni ya kuvua koti njiani. Kwa Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi 1966, kimo hicho karibu na Ikweta kilikuwa mpaka wa ugonjwa. Chini yake watoto walipata uvimbe wa mataya ulioua ndani ya miezi michache. Juu yake uvimbe huo karibu haukuonekana.

Kansere hiyo leo inaitwa kwa jina lake, limfoma ya Burkitt, na madaktari dunia nzima wanaijua. Kinachosimuliwa kidogo ni sehemu ya pili ya kazi yake. Uvimbe ukishayeyuka kwa dawa, mtoto akishacheka na kula tena, daktari atajuaje kwamba ugonjwa umekufa na haujajificha tu? Burkitt alijiuliza hivyo bila skana wala IRM. Swali hilohilo linaulizwa sasa kwa wagonjwa wa kansere ya ini ambao uvimbe wao umechomwa kwa joto, na jibu linatafutwa kwenye picha za sumaku.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 mwezi wa pili mwaka 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja wa wilaya. Lakini watu wa elimu ya ndege wanamkumbuka kwa jambo lingine. Katika miaka ya 1920 alikuwa akikamata ndege wadogo wa bustani yake, anawafunga pete miguuni, kisha anawaachia na kuchora ramani ya mahali kila mmoja alipoishi. Mtoto alikua akiona hayo nyumbani: ukitaka kukijua kiumbe, kitie alama, ukiache kiende, kisha ukitafute tena.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, jiwe lililorushwa na mtoto mwenzake lilivunja miwani yake na kumharibu jicho la kulia. Likatolewa, na maisha yake yote aliishi na jicho la kioo. Mwaka 1929 aliingia chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake. Huko akajiunga na kikundi cha wanafunzi Wakristo waliokuwa wakisali pamoja, na baada ya muda akaona wito wake uko kwenye udaktari. Akabadilisha masomo, akamaliza udaktari mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata shahada ya upasuaji Edinburgh.

Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza barani Afrika, alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Jeshi halikuwa na wasiwasi huo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili lilimchukua kama daktari mpasuaji na kumpeleka Kenya na Somalia, na akiwa likizo akaiona Uganda. Mwaka 1943 alikuwa amemuoa muuguzi Olive Rogers, na baadaye wakapata mabinti watatu. Vita vilipokwisha, serikali ya kikoloni ilikubali kumpeleka Uganda pamoja na jicho lake moja.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika eneo la Walango. Alihudumia wilaya nzima, na kila siku alipasua. Huko ndiko alikoanza tabia iliyomfanya ajulikane. Aliona kwamba wanaume waliokuja na uvimbe wa korodani zilizojaa maji walikuwa wengi mno kutoka upande wa mashariki wa wilaya na wachache kutoka magharibi. Daktari mwingine angepasua, akashona, akaita mgonjwa anayefuata. Burkitt alihesabu, akaandika vijiji, akatoa makala mwaka 1951 akionyesha kwamba ugonjwa ulifuata mahali palipokuwa na minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu. Ramani ya baba yake ilikuwa ya ndege, yake ikawa ya wagonjwa.

Mwaka 1948 alihamishiwa Kampala, katika hospitali ya Mulago, ambako pia alifundisha upasuaji kwa wanafunzi wa Makerere. Mwaka 1957 mwenzake, daktari Hugh Trowell, alimwita wodini amwone mtoto wa kiume wa miaka mitano. Uso wake ulikuwa umevimba pande zote nne: taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea na kukaa vibaya. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Maambukizi yasingeshika pembe zote nne za mataya, na kansere aliyoisoma vitabuni haikuwa na tabia hiyo.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, kilomita 80 hivi kutoka Kampala, akizungukia wagonjwa. Alipotazama nje ya dirisha alimwona mtoto wa kike ameketi kwenye majani na mama yake, uso umevimba vilevile. Akaacha alichokuwa akifanya, akatoka. Alipompapasa tumboni alikuta uvimbe huko pia. Ajabu moja unaweza kuisahau, mbili zinakudai ufungue vitabu.

Alivifungua. Katika mafaili ya Mulago alikuta watoto wengi waliokufa kwa uvimbe wa taya, wengine wakiwa na uvimbe kwenye figo, kwenye ini au kwenye mayai ya uzazi. Madaktari walikuwa wameuandika kwa majina tofauti kulingana na mahali ulipotokea. Burkitt akasema ni ugonjwa mmoja. Hata daftari za Albert Cook, mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, zilikuwa na wagonjwa wa namna hiyo, kwa hiyo ugonjwa haukuwa mpya, ila haukuwa na jina. Mwaka 1958 Burkitt alichapisha makala yake ya kwanza katika jarida la upasuaji la Uingereza, na halikushtua watu wengi. Wataalamu wa kuchunguza nyama ya mwili pale Kampala, kati yao Mmarekani Greg O'Conor, ndio waliothibitisha kwamba ni limfoma, kansere ya chembe za damu zinazolinda mwili.

Hapo ndipo ramani iliporudi. Kwa msaada wa pauni 25, Burkitt alichapa karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazituma kwenye hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza kama wamewahi kuona uvimbe huu. Hospitali za aina hiyo zilikuwa nyingi na zilijua watu wao vizuri. Upande huu wa mpaka, kwa mfano, Oicha ilikuwa na daktari Carl Becker, mmisionari Mmarekani ambaye wazee wa wilaya ya Beni wanamkumbuka hadi leo. Majibu yalipofika, Burkitt alichomeka pini kwenye ramani ya Afrika. Pini zilijipanga kama mkanda unaokata bara katikati, pande zote mbili za Ikweta, na mkia ukashuka pwani ya mashariki.

Kwa nini uishie pale? Mwezi wa kumi mwaka 1961 aliondoka Kampala kwenda kuona kwa macho yake, au tuseme kwa jicho lake. Alikuwa na madaktari wawili wamisionari: Ted Williams wa hospitali ya Kuluva karibu na Arua, aliyejua pia kutengeneza magari, na Cliff Nelson. Walikuwa na gari la Ford lililonunuliwa pauni 250, limejaa mafuta, vyakula na vipuri. Walipita Tanganyika, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, Rhodesia zote mbili na Msumbiji, hadi Afrika Kusini. Walisafiri karibu kilomita 16,000 kwa wiki kumi, wakaingia hospitali zaidi ya 50, na kila mahali waliuliza swali lilelile.

Waligundua kwamba karibu na Ikweta ugonjwa unakoma kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, lakini kadiri unavyokwenda kusini mpaka unashuka, na pwani ya kusini ya Msumbiji unakaribia usawa wa bahari. Aliporudi, Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi Entebbe, alimpa ufunguo: kinachozuia ugonjwa ni baridi, siyo mlima. Mahali ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 16 hivi, au mvua ni haba, mbu hawastawi. Yeyote aliyelala Butembo bila blanketi na kulala Beni bila chandarua anaelewa hoja hiyo haraka kuliko profesa wa London.

London nayo ilikuwa imeanza kusikia. Mwezi wa tatu mwaka 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex. Kati ya wasikilizaji alikuwapo kijana aliyechunguza virusi vya kuku vinavyoleta kansere, Anthony Epstein. Wakakubaliana: Kampala itatuma vipande vya uvimbe kwa ndege, Epstein atatafuta kirusi. Kwa zaidi ya miaka miwili hakupata kitu. Halafu mwishoni mwa mwaka 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na chupa ikafika London imechelewa na maji yake yamechafuka. Badala ya kuitupa, Epstein aliyatazama maji hayo kwa hadubini akakuta chembe za uvimbe zinaelea zikiwa hai. Alizikuza, na mwezi wa pili mwaka 1964 akaona ndani yake kirusi ambacho hakuna aliyekijua. Pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong walikitangaza mwezi uliofuata. Kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr, na ni cha kwanza kuhusishwa na kansere ya binadamu. Watu wazima wengi duniani wanacho bila madhara. Ila kwa mtoto mdogo anayepigwa na malaria mara kwa mara, kinga ya mwili inachoka na kirusi kinapata nafasi. Malaria, na siyo mbu kubeba kirusi, ndiyo iliyoelezea ramani ya Burkitt.

Lakini ramani haikumponya mtoto hata mmoja, na Burkitt alikuwa daktari wa wodi. Upasuaji ulishindwa: taya likikatwa, uvimbe ulirudi au tumbo lilivimba. Mashine ya kuchoma kansere kwa mionzi haikuwepo Uganda. Kuanzia mwaka 1960 hivi alianza kupata kutoka Marekani na kwingineko dawa mpya ambazo wakati huo zilikuwa bado zinajaribiwa: metotreksati, siklofosfamidi, vinkristini. Hospitali haikuwa na maabara ya kupima damu kila siku, kwa hiyo hakuthubutu kutoa dozi kubwa kama za Marekani. Alitoa kidogo.

Matokeo yaliwashangaza hata waliotengeneza dawa. Mtoto ambaye jicho lake lilisukumwa nje na uvimbe alikuwa anarudi sura yake ndani ya siku chache. Burkitt alipenda kamera, na picha alizopiga kabla na baada ya dawa bado zinatumika kufundishia. Jijini Nairobi mpasuaji Peter Clifford alikuwa anaona mambo hayohayo.

Hapo tatizo jipya likaanza. Mzazi aliyeona uso wa mtoto wake umepona hakuona sababu ya kubaki hospitalini. Kulikuwa na shamba, watoto wengine nyumbani, na pesa za safari. Wengi waliondoka baada ya dozi moja au mbili na hawakurudi. Kwenye daftari mtoto huyo si mzima wala si mfu: amepotea. Na uvimbe uliopotea machoni unaweza kuwa umebaki mahali jicho halifiki. Kwa baadhi ya watoto hao ugonjwa ulirudi, mara nyingine kwenye ubongo na maji ya uti wa mgongo, ambako dawa za kawaida zilifika kwa shida.

Watu wa Beni na Butembo hawahitaji kuelezwa maana ya ufuatiliaji. Wakati wa Ebola, kuanzia tarehe moja mwezi wa nane mwaka 2018 hadi tarehe 25 mwezi wa sita mwaka 2020, neno hilo lilipita kila mtaa: siku 21 za kufuatwa kwa aliyemgusa mgonjwa, na miezi mingi ya kupimwa kwa aliyepona, kwa sababu kirusi kinaweza kukaa kimya ndani ya jicho au kwenye mbegu za kiume wakati damu imekwisha kusafika. Wengi walichukia kufuatwa vile, wengine kwa sababu zinazoeleweka. Lakini mantiki ilikuwa hiyohiyo ya Burkitt.

Kazi ya kuwatafuta watoto ilikuwa ya miguu na barua: kujua kijiji, jina la chifu, jina la baba. Mwaka 1967 Burkitt alichapisha katika jarida la Cancer taarifa ya watoto walioishi muda mrefu baada ya dozi moja au mbili tu. Hao walikuwa wale wale ambao hospitali ingewahesabu kuwa wamepotea na pengine wamekufa. Kama asingewafuata, dunia isingejua kwamba watoto hao walipona kwa dawa peke yake. Mwaka 1972 alipewa tuzo ya Lasker ya Marekani kwa kazi hiyo.

Mwaka 1967 ndio pia kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, kwa ushirikiano wa Makerere na taasisi ya kansere ya Marekani, chini ya daktari John Ziegler. Miaka miwili baadaye kikaongezwa kituo cha uvimbe mwingine, na hapo kansere ya ini ikaingia rasmi. Idi Amin alipochukua nchi Wamarekani waliondoka, na Mganda Charles Olweny akashika uongozi. Mwaka 1975 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya dawa ya Adriamisini kwa wagonjwa wa kansere ya ini, moja ya taarifa za mwanzo duniani za dawa hiyo kwa ugonjwa huo. Kujua kama ini limejibu dawa kulikuwa kazi ngumu. Taya unaliona, unalipiga picha. Ini limejificha chini ya mbavu. Skana ilikuwa imeanza kutumika kwa mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971 tu, na picha za kwanza za IRM za mwili wa mtu hai zilitoka mwaka 1977.

Burkitt hakuwa tena Kampala. Aliondoka mwaka 1966, akafanya utafiti London, na huko akapata umaarufu wa pili ambao kwa Wazungu wengi ni mkubwa kuliko wa kwanza: alihubiri nyuzinyuzi za chakula. Akiwa na Trowell, yule aliyemwitia mtoto mwaka 1957, alidai kwamba magonjwa mengi ya utumbo Ulaya yanatokana na kula mikate myeupe na kuacha maharagwe, mboga na nafaka nzima. Alikusanya hata vipimo vya choo kutoka hospitali za vijijini Afrika. Kitabu chake cha mwaka 1979 kiliuzwa sana. Baadhi ya madai hayo wataalamu wameyapunguza baadaye, lakini anayekula sombe na maharagwe hana sababu ya kulalamika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Burkitt akiwa mzee, madaktari wa Ulaya na Asia walianza kutibu uvimbe mdogo wa ini bila kupasua. Daktari anaingiza sindano ndefu nyembamba kupitia ngozi hadi katikati ya uvimbe, akiongozwa na ekografi au skana. Ncha ya sindano inapashwa joto kwa mawimbi ya redio, au kwa mawimbi kama ya oveni ya mikrowevu. Nyama ya mwili ikifika nyuzi 60 hufa karibu papo hapo. Njia hii hufaa zaidi kwa uvimbe usiozidi sentimita 3, na daktari hulenga kuchoma pia ukingo wa nyama nzima kuuzunguka, milimita 5 hadi 10, ili asiache mbegu.

Uvimbe uliochomwa hautolewi. Unabaki ndani ya ini kama kovu, na picha ya kwanza baada ya matibabu inaweza kuonyesha donge kubwa kuliko lile la awali, kwa sababu ukingo nao umechomwa. Mgonjwa asiyeelezwa hilo hutoka chumba cha picha akidhani ameibiwa pesa. Ukubwa, basi, hausemi kitu miezi ya mwanzo. Kinachotafutwa ni kama kuna sehemu inayokunywa damu.

Hapo ndipo IRM inapotumika. Mashine hiyo haina mionzi. Inatumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio. Mgonjwa hupigwa picha, kisha hudungwa mshipani dawa ya gadolini inayong'arisha picha, kisha hupigwa picha nyingine kadhaa kwa kufuatana, kila moja kwa sekunde chache. Uvimbe hai wa kansere ya ini hulishwa na mshipa wa ateri, hivyo hung'aa mapema kuliko ini lenyewe. Nyama iliyokufa hainywi kitu. Lakini kuna mtego: damu iliyoganda ndani ya kovu hung'aa yenyewe hata kabla ya dawa. Kwa hiyo kompyuta hutoa picha ya kabla kutoka picha ya baada, na kinachobaki ni kile kilichong'arishwa na gadolini tu. Pete nyembamba, sawa pande zote, ni uchungu wa kidonda na hupotea baada ya wiki au miezi. Kibonge kimoja kinene upande mmoja wa ukingo ndicho kinachomfanya daktari amwite mgonjwa tena. Kikigunduliwa kikiwa kidogo, mara nyingi kinaweza kuchomwa upya.

Kalenda ya kawaida ni picha ya kwanza baada ya mwezi mmoja hivi, kisha takriban kila miezi mitatu mwaka wa kwanza na wa pili, kisha kila miezi sita. Ukihesabu, ni safari nyingi. Mgonjwa wa Butembo anayetibiwa Kampala anapaswa kupita Beni na Kasindi kila mara, na barabara hiyo ina gharama zake na hatari zake tangu mauaji yalipoanza kuongezeka wilayani Beni mwaka 2014. Familia iliyouza shamba ili kulipa sindano inabaki bila kitu cha kulipia picha. Ni yule mzazi wa Lira au Jinja wa mwaka 1962, ila sasa aliyepona ni baba mwenye umri wa miaka 40.

Na wengi hata hawafiki kwenye sindano. Kansere ya ini Afrika hutokana zaidi na homa ya ini B, na sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, na pombe nayo huongeza mzigo. Wagonjwa huja tumbo limejaa maji na uvimbe umepita sentimita 10, wakati kuchoma hakuwezekani tena. Ndiyo maana mwenye homa ya ini B ya kudumu, hasa kama ini limeanza kukauka, hushauriwa kupigwa ekografi kila miezi sita, kipimo kisicho cha bei ya IRM. Chanjo dhidi ya homa ya ini B imo ndani ya chanjo wanazopewa watoto wachanga wakifikisha wiki sita, kumi na 14.

Burkitt alifariki tarehe 23 mwezi wa tatu mwaka 1993 katika mji wa Gloucester, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82. Vituo viwili vya Mulago viliunganishwa na leo ni Taasisi ya Kansere ya Uganda. Watoto wenye limfoma ya Burkitt bado wanalazwa humo, na katika foleni ya wagonjwa wa nje, siku za kuonyesha picha, hukosi kusikia Kinande na Kiswahili cha Kongo.